Parsele Ni Yangu: Je, Nijenge Nipendavyo?

Mtu aliyenunua parsele kwa jasho lake husema: "Hii ni yangu, nitajenga nipendavyo." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891, aliitetea haki ya mtu kuwa na mali. Lakini je, haki hiyo haina mpaka? Jambo hili linaleta magomvi katika miji yetu, tena linaleta vifo. Yafaa tulifikiri kwa utulivu.

Kwanza tutazame Maandiko Matakatifu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya paa lake, maana kwao watu walikaa juu ya paa, na mtu angeweza kuanguka akafa. Nyumba ni ya mwenyewe na fedha ni zake. Hata hivyo Mungu anamdai ukuta kwa ajili ya mwingine, pengine mgeni asiyemjua bado. Basi sheria ya kujenga haikuvumbuliwa na makarani. Mzizi wake ni amri ya tano, inayokataza kuua.

Tutazame na mambo ya kwetu. Mji wa Bukavu umekaa juu ya vilima vyenye mteremko mkali kando ya ziwa Kivu. Tangu vita vya 1996 na 1998 watu wengi waliukimbilia kutoka vijijini, wakajenga palipobaki: kwenye miteremko na katika njia za maji. Anayekata kilima apate kiwanja hulegeza udongo chini ya jirani aliye juu. Anayeziba mfereji humwagia maji jirani aliye chini. Moto ukiwaka Kadutu, hutoka ubao hata ubao, kwa kuwa nyumba zimegusana na gari la kuzima moto halina pa kupita. Huko Kinshasa, mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 ilileta mafuriko na maporomoko, wakafa watu zaidi ya 100. Mvua hutoka kwa Mungu. Lakini si Mungu aliyeuza parsele za korongoni.

Wengine watajibu: "Sheria hizi ni za kutesa maskini." Neno hili lisidharauliwe. Wakati wa ukoloni sheria ya viwanja ilitumika kutenga watu. Huko Elisabethville, ndio Lubumbashi, mji wa Wazungu ulikuwa huku, sité ya Weusi kule, na katikati nafasi tupu. Hata leo, amri ikitaka matofali, kiwanja kikubwa na malipo asiyoyaweza mpagazi, humsukuma yeye yule korongoni. Nayo sheria ya mwaka 1973 ilisema ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki yake kwa hati. Lakini mara nyingi parsele moja imeuzwa kwa watu wawili, shefu akiuza huku na karani kule. Karani anayepokea fedha ili aandike kiwanja cha mferejini hamsaidii maskini, anamwuzia kaburi.

Tutajuaje basi kama amri ni ya haki? Tuulize maswali matatu. Je, inalinda uhai wa watu, ama inalinda tu macho ya matajiri wasione vibanda? Je, inamfunga mwenye nyumba ya ghorofa aliyeziba barabara, kama inavyomfunga mjane? Je, anayeondolewa ameonywa mapema na kuonyeshwa pengine pa kukaa? Mfalme Ahabu alikuwa na enzi, lakini shamba la Naboti halikuwa halali yake.

Amri ikijibu vema, Mkristo aitii kwa dhamiri, hata pasipo mkaguzi; anayeivunja amemkosea jirani yake. Isipojibu vema, Wakristo waseme pamoja na waziwazi, wala wasitafute njia ya rushwa, maana rushwa ya leo ni parsele mbaya ya kesho.

Na mama aliyekwisha kujenga korongoni, asiye na pa kwenda? Hatia yake si sawa na ya aliyemwuzia, wala si sawa na ya tajiri ashikaye viwanja vitupu akingoja bei ipande. Papa Paulo wa 6 alifundisha mwaka 1967 kwamba mali ya mtu haiko kwa ajili yake peke yake, wenzake wakikosa ya lazima.

Kazi nyingine hazingoji Serikali. Jumuiya ya mtaa yaweza kufukua mfereji, kupanda majani penye mteremko, na kukubaliana njia ambayo hapana atakayeijenga. Anayechimba msingi ajiulize kwanza: maji ya nyumba yangu yatapita wapi, na siku ya msiba jeneza la jirani litapita wapi?