Kudai Kilekile Kila Mwaka

Bajeti ya Tanzania ina uhai wa mwaka mmoja. Tarehe 30 Juni idhini ya Bunge inakwisha, na kuanzia Julai mosi kila shilingi ya zahanati, kisima na darasa lazima iwe imeombwa upya na kupitishwa upya. Naanza na hilo kwa sababu wako wanaowacheka watetezi wa huduma za jamii: hawa nao, kila mwaka wimbo uleule. Ni kweli, ni uleule. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulianzishwa mwaka 1993, na tangu 1997 umekuwa ukidai bajeti yenye mrengo wa kijinsia. Mtu atauliza: kazi isiyofika mwisho ina maana gani?

Jibu la haraka ni kuifananisha na kupalilia, kwamba magugu huota tena na mkulima hashangai. Silipendi. Magugu hayana hoja. Anayelifuta ombi lako kwenye bajeti anazo, na pengine ni nzito.

Chukua taulo za kike. Juni 2018 Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni Dodoma akapendekeza taulo hizo zisamehewe Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18. Watetezi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Juni iliyofuata waziri yuleyule akapendekeza kodi irudi, akieleza kwamba bei haikushuka na nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Badala yake viwanda vipya vya taulo vikapunguziwa kodi ya mapato, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Binti aliyesimama dukani na sarafu zake mkononi hakuona tofauti, si ule mwaka wa msamaha wala huu wa kodi. Kodi hufutwa Dodoma. Bei hupangwa Kariakoo.

Sasa ripoti ya mwaka ya mtetezi iandike nini? Ya 2018 ingeandika ushindi, ya 2019 pigo, na zote mbili zingekuwa za kweli. Mimi naona kilichobaki hakina safu kwenye jedwali. Pakiti ambayo muuza duka aliizungushia gazeti, kisha akaitia kwenye mfuko mweusi ili wateja wengine wasiione, imetajwa na waziri katika hotuba kuu ya bajeti, miaka miwili mfululizo. Hedhi ikawa hoja ya hazina. Aliyeshindwa hoja mwaka huo alishindwa ndani ya ukumbi ambao zamani asingeingia kabisa.

Ndiyo maana nazithamini semina za Jumatano za TGNP kule Mabibo, Dar es Salaam, kuliko ripoti za rangi zinazohesabu washiriki. Mtu asiyesomea uchumi anaishika hotuba ya bajeti na kutafuta fungu la maji: mwaka jana liliandikwa kiasi gani, na kilitoka kiasi gani? Swali la pili ndilo linalouma, maana kilichotengwa na kilichotolewa ni vitu viwili.

Na dai likifanikiwa? Bomba likitoa maji, jiwe la ufunguzi huandikwa jina la mgeni rasmi. Kina mama waliolidai miaka nenda rudi husimama pembeni wakipiga vigelegele. Linaudhi, lakini nadhani ni sawa. Siku shirika la utetezi litakapoandika jina lake juu ya bomba, maji yatakuwa yamegeuka msaada, na msaada hauna wa kuudai ukikatika. Kazi hii humtaka mtu ashinde halafu asionekane. Si wengi wanaoiweza, na wafadhili wanaotaka picha hawawasaidii.

Huku kwetu sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wananchi. Kama robo hii haujaitishwa, muulize mtendaji wako ni lini. Ukiitishwa, uliza kilichotoka.