Nani Anayechekwa?

Jioni moja hostelini tulitazama video mbili kwenye simu moja. Ya kwanza ilikuwa ya wimbo "Sabotage" wa kundi la Beastie Boys la Marekani, iliyoongozwa na Spike Jonze mwaka 1994. Ya pili ilikuwa vipande vya Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa mtaa wa Wakaliga, hapa hapa Kampala. Tulizicheka zote mbili, ila kicheko cha pili kilinikaa vibaya. Tangu siku hiyo najiuliza: je, ni haki kuicheka kazi iliyofanywa kwa uhaba?

Tuanze na kamera. Katika "Sabotage", wanamuziki wamevaa nywele na masharubu ya bandia, wakiwaiga polisi wa tamthilia za televisheni za miaka ya 1970. Kamera imeshikwa mkononi. Inayumba, inavuta uso wa mtu ghafla, kisha inakimbilia gari. Mtu anapotupwa, tunaona wazi kuwa ni mwanasesere. Makosa hayo ni ya makusudi. Mwongozaji angeweza kupata picha tulivu, lakini alitaka inayoyumba, kwa kuwa anaudhihaki mtindo wa mashujaa wa televisheni. Mtindo huo ulikuwa na nguvu na fedha, hivyo mzaha haukumwonea mtu.

Katika Captain Alex nako kamera inayumba, na helikopta zinazoishambulia Kampala zimechorwa kwa kompyuta kiasi kwamba hata mtoto hadanganyiki. Lakini hapa chanzo ni kingine. Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, anatajwa kuitengeneza filamu hiyo kwa chini ya dola 200, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Bunduki zake ziliundwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Picha zinafanana, ila moja inayumba kwa hiari na nyingine kwa kukosa.

Plato, katika Philebus, anasema kwamba mtu huchekesha anapokuwa dhaifu na wakati huo huo hajijui, akijidhania kuwa bora kuliko alivyo. Nikikitumia kipimo hicho, kicheko changu kingekuwa halali iwapo tu watu wa Wakaliga wangekuwa hawajijui. Lakini wanajijua. Toleo ambalo dunia inalifahamu lina sauti ya VJ Emmie, anayeitania filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Sote tunaoishi hapa tunamjua VJ: katika vibanda vya video hushika kipaza sauti, akaifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda na kuongeza utani wake. Kwa hiyo helikopta inapopita, VJ ameshaicheka kabla yangu, na papo hapo amewasifu walioiunda. Ananialika nicheke pamoja naye.

Mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema kwamba sauti hiyo ya Kiingereza iliongezwa baada ya tangazo la filamu kuwa limekwisha kuchekwa mtandaoni. Kwa maoni yake, utani ule ni plasta juu ya kidonda. Hoja hii ina uzito, na nakubali kwamba baadhi ya waliocheka mwanzoni walicheka kwa dharau. Hata hivyo, VJ hakubuniwa ili kuwafurahisha wageni. Alikuwa vibandani zamani, akiwatania mashujaa wa Hollywood mbele ya watazamaji wa Kampala. Wakaliga waliichukua desturi yao wenyewe, wakaitumia kujibu. Anayeweza kujibu kwa sauti yake si mtu wa kuhurumiwa.

Basi tatizo la jioni ile halikuwa filamu. Chumbani alikuwemo mwanafunzi mgeni kutoka Dar es Salaam, nami nilicheka kwa sauti kuliko wote ili asinihesabu miongoni mwa watu wa Wakaliga. Sikuwa nikicheka mzaha. Nilikuwa nikijitenga na mtaa ambao ni mwendo mfupi tu kutoka tulipoketi.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika, wakatukataza kucheka kilema. Lakini uhaba wa vifaa si kilema, na kuinyamazia filamu ya kuchekesha kwa sababu waliyoitengeneza ni maskini kungekuwa dharau ya aina nyingine. Nadhani wajibu wetu ni kuuliza, kabla ya kucheka, picha ile imepatikanaje, na tunacheka ili tuwe karibu na nani au mbali na nani. Nimeitazama tena filamu hiyo peke yangu, nikiwa na sauti ya VJ tu. Nilicheka zaidi ya siku ile, na safari hii sikuona haya.