Jani la Njano na Namba Tatu

Majani matatu ya njano: unjano umo katika kila moja. Utatu je, umo katika lipi? Gottlob Frege, aliyefundisha hisabati Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alilichimba swali hili katika kitabu chake cha mwaka 1884 kuhusu misingi ya hesabu. Mti ukiwa na majani mabichi elfu moja, alisema, ubichi ni wa kila jani, lakini elfu si ya jani lolote.

Mimi ni mtu wa Tanga, mwalimu wa chekechea katika mji huohuo wa Jena, na kila Oktoba swali la Frege hunijia upya. Majani yanapopukutika tunatoka na vikapu. Watoto huokota majani ya mepo, mbegu za mwaloni, na kokwa za chestinati za mwitu, za kahawia, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Baadaye tutazitoboa na kuzichomeka njiti ziwe farasi. Kwanza tunapanga.

Msichana wa miaka 4 aliambiwa na mwenzake kwamba fungu lake lina vitu sita. Akakataa katakata: "Viwili!" Kwake palikuwa na majani na palikuwa na kokwa, basi. Mwenzake alikaribia kulia. Wote wawili walikuwa sahihi.

Frege aliwakemea waliotaka kuijenga hesabu juu ya kokoto. Namwelewa: yeye alitafuta nguzo ya hesabu, si njia anayopita mtoto kuifikia. Lakini njia hiyo nayo ina neno. Hakuna kokwa iliyomlazimisha yule msichana kuhesabu aina, aliamua mwenyewe. Alipokwisha kuamua, jibu halikuwa tena mikononi mwake. Ni mbili, apende asipende. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, katika jimbo hilihili la Thüringen, aliamini kwamba mchezo humwonyesha mtoto umoja uliowekwa na Mungu katika viumbe. Mimi niliyelelewa madrasa naikubali imani hiyo, hasa pale ninapomwona mtoto, huru kabisa kuchagua, akikutana na ukweli asioweza kuubadili.

Ndiyo maana nikikaa chini na watoto siulizi tu vitu vipo vingapi. Nauliza, "Leo tunahesabu nini?" Baadhi ya wazazi wangependa mtoto afike mia kabla ya Krismasi, na wananiona nachelewesha. Nawakaribisha uani waje wapange nasi.