Kunyamaza Si Kupona

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii inachukulia kwamba anayeficha na anayeumwa ni mtu mmoja, kwa hiyo kilio kikija kitakuwa chake. Lakini vipi kama ugonjwa wenyewe unaweza kuuzwa? Vipi kama anayeficha ni huyu wa Tunduma, na kilio kinamkuta mwingine mbele ya safari, usiku, kwenye barabara ya Sumbawanga?

Swali hili lilinijia nikiwa likizo ya masomo yangu ya uzamili, kwa sababu ya gari la mama yangu mdogo. Yeye hununua maharage na mahindi Vwawa na Mlowo, na gari lake dogo la otomatiki ndilo humpeleka kwa wateja wake mpakani. Lilikuwa limeanza kugonga: ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi bila kuchoka, hasa likiwa limesimama linaunguruma. Mafundi wawili walisikiliza kwa dakika moja, kila mmoja kwa wakati wake, wakasema beringi za konrodi zimelika na injini imekwisha. Injini nyingine ya mtumba ilikuwa juu ya uwezo wake.

Hapo akatokea dalali. Alikuwa na mnunuzi, kijana aliyetaka gari la kubebea abiria kuelekea Laela na Sumbawanga. Ushauri wake ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mwaga oili iliyomo, weka nzito. Beringi zikiwa zimelika, oili nzito huweza kufifisha mlio kwa muda, muda unaotosha gari kukaguliwa na kulipiwa. Pili, usimruhusu fundi mwingine afungue kitu. "Mama, ukishajua utakuwa na la kuficha," alisema. "Usipojua, ukiulizwa ukasema sijui, umedanganya nini?"

Ushauri wa kwanza ni wa zamani kuliko magari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kuhusu mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake: je, aziseme? Antipater alishika kwamba mnunuzi anapaswa kujua kila anachokijua muuzaji. Diogenes alijibu kwamba muuzaji aseme yale ambayo sheria inamtaka aseme, asidanganye, na yanayobaki ni juu ya macho ya mnunuzi. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa kusema.

Ninavyoona, oili nzito ingemshinda hata Diogenes. Yeye alitetea kunyamaza, na anayenyamaza humwachia mnunuzi masikio yake. Gari linalogonga linasema lenyewe. Mnunuzi makini angelisikia. Kulifunika kwa oili ni kulitia maneno ya uongo mdomoni.

Ushauri wa pili ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu unafanana na ukweli. Mama mdogo hakujua chanzo cha mlio. Angesema "sijui", kila herufi ingekuwa kweli. Lakini kuna kutojua kunakotupata, na kuna kutojua tunakokulinda. Huyu wa pili ameshausikia mlango ukibishwa, naye anakaza sauti ya redio ili kesho aape kwamba hakusikia mtu. Tunamwona ofisini, kwa bosi asiyesoma ripoti. Tunamwona nyumbani, kwa mzazi asiyemuuliza mtoto fedha zimetoka wapi. Tukikubali kwamba asiyejua hana hatia, tutakuwa tumeweka zawadi kwa kila anayeziba masikio.

Mama mdogo hakuhitaji Cicero. Alimsikiliza dalali hadi mwisho, akasema, "Abiria wa huyo kijana ni wanawake wa magunia kama mimi." Kesho yake tulipeleka gari kwa fundi wa tatu, mzee mmoja wa Mpemba.

Mzee alianza kwa kukataa kusikiliza pale, maana malori yaliyokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde yalikuwa yakinguruma. Tukaingia mtaa wa ndani. Aliliwasha gari likiwa la baridi, akasubiri lipate moto: mlio haukubadilika, ilhali beringi zilizolika huwa zinagonga zaidi oili ikiwa moto na nyepesi. Akachomoa waya za koili moja baada ya nyingine, ili kila silinda ipumzike kwa zamu. Kama konrodi moja ndiyo iliyogonga, mlio ungefifia silinda yake ikizimwa. Haukufifia. Akanikalisha kwenye usukani, nikakanyaga breki na kuweka gia; mlio ukapungua. Mwishoni akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni, sehemu baada ya sehemu, mpaka nyuma kabisa, injini inapokutana na giaboksi. Akafungua kifuniko kidogo chini. Boliti mbili, kati ya zile zinazofunga giaboksi kwenye sahani ya chuma inayozungushwa na injini, zilikuwa zimelegea. Akazitoa, akazipaka gundi ya nati, akazikaza. Injini ilikuwa nzima. Wala oili nzito isingeusaidia uongo wa dalali, kwa sababu mlio haukutoka kwenye beringi.

Ni rahisi kuishia hapa na kusema ukweli unalipa. Siamini hivyo. Mzee angeweza kufungua akakuta konrodi imekwisha kweli, na mama mdogo angebaki na gari bovu, deni, na jambo la kumwambia kila mnunuzi. Wajibu wa kutafuta haukutokana na kilichopatikana. Ulianza siku ile gari lilipogonga mara ya kwanza na yeye akasikia. Kuanzia hapo "sijui" yake ilikuwa na muda wake: ilikuwa halali akiwa njiani kwenda kwa fundi, na ingekoma kuwa halali siku ambayo angeamua kutokwenda.