Mtoto Aliyefichwa

Wazee waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakumjua Isolde wa Redcliffe, lakini ni kama walimsema yeye. Isolde ni mke wa mtawala katika mchezo wa kompyuta uitwao Dragon Age: Origins, uliotolewa na kampuni ya BioWare mwaka 2009. Mwanawe Connor, angali mdogo, anaanza kuonyesha dalili za uchawi. Sheria ya nchi ni kwamba mtoto wa namna hiyo achukuliwe, apelekwe mnarani na kuishi humo chini ya ulinzi. Mama hawezi kuachana naye. Anamficha hata kwa mumewe, kisha anamtafutia mwalimu wa siri. Mwalimu huyo, Jowan, ni mtoro wa mnarani, na kumbe ametumwa kumpa sumu baba wa mtoto. Baba anapolala hoi kitandani, Connor anapatana na pepo ili baba asife. Tangu hapo kila usiku maiti wanainuka, wanashuka kijijini na kuua watu.

Wanaotetea minara hukitaja kisa hiki haraka, na sina haja ya kuwabishia kwamba hatari ipo. Katika Thedas, ulimwengu wa mchezo huo, mapepo yapo kweli, yanamwinda mchawi usingizini, na mchawi mmoja aliyeingiliwa anaweza kukiteketeza kijiji. Meredith, kamanda wa askari wa dini katika mji wa Kirkwall, alikuwa na dada mchawi ambaye familia ilimficha. Pepo lilipomwingia dada huyo, aliua jamaa zake na wanakijiji wapatao 70 kabla ya kuuawa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu ya Meredith naielewa, na wala siidharau.

Lakini hebu watazameni wawili hawa, Connor na dada yule wa Meredith, kwa makini. Hakuna hata mmoja aliyeharibika kwa sababu aliachwa huru. Wote wawili walifichwa, na walifichwa kwa kuogopa mnara. Mzazi akijua kwamba kusema ukweli ni kumpoteza mwanawe, atanyamaza, na mtoto atakua na nguvu asizofundishwa kuzitawala. Ule ukuta uliojengwa kuwakinga watu ndio unaowaziba midomo wazazi, na kimya hicho ndicho kinachozaa maafa yanayotumiwa kuuhalalisha.

Na mle mnarani kuna nini? Anayeingia hutolewa damu, ikatiwa katika kichupa na kuhifadhiwa, ili akitoroka askari wamfuate kwa damu yake mwenyewe. Akishakua, siku moja huamshwa usiku, bila kuonywa, na kupelekwa katika ulimwengu wa ndoto kukabiliana na pepo peke yake, huku askari wakiwa wamesimama juu ya mwili wake na panga mkononi. Akishindwa, au akichelewa mno, wanamuua palepale. Asiyetaka jaribio hilo hutulizwa: hukatiwa njia ya ndoto, na pamoja nayo hupoteza furaha, huzuni, hasira na mapenzi. Anabaki mtu mwenye akili timamu, mtiifu, anayepanga bidhaa dukani na kujibu kwa adabu. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kwa kipimo hicho, adhabu hii imepita kifo, na hupewa mtu ambaye hajamdhuru yeyote.

Haki lazima isemwe pia upande wa pili. Connor anaweza kuokolewa bila kuuawa, na wanaowezesha hilo ni wachawi wa mnarani, wenye elimu ya kumfungulia mtu njia ya kwenda kupambana na pepo hukohuko ndotoni. Elimu ile ni hazina, na mtoto mwenye kipaji kama hicho hana budi afunzwe, tena mapema, samaki akiwa mbichi. Kuna na Tevinter, dola ambamo wachawi ndio watawala, wanamiliki watumwa na kumwaga damu yao kwa ajili ya uchawi. Anayesema waachwe tu bila sheria aitazame Tevinter kwanza. Ila mimi nikiitazama naona ugonjwa uleule wa Kirkwall: watu wenye nguvu juu ya maisha ya wengine, wasio na wa kuwauliza. Huko ni mchawi, huku ni mlinzi wake.

Sisi tunaosoma haya kwa Kiswahili tuna sababu ya kuyapima kwa uzito. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akaishi mahali alipopangiwa. Anayeshukiwa tu. Katika Thedas uchawi unaonekana kwa macho, moto unatoka mkononi. Kwetu ajuza wa Usukumani ameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni. Kama kumfungia mtu kwa kile alicho kunakosa haki hata pale ambapo uchawi ni hakika, basi pale ambapo ni uvumi wa majirani hakuna hata pa kuanzia kukutetea.

Turudi Kirkwall. Mchawi Anders, aliyekuwa akiishi nje ya mnara wa mji huo, analilipua hekalu kuu pamoja na waliokuwamo. Ni uuaji, na angestahili kuhukumiwa kwa uuaji huo. Meredith anajibu kwa kuamuru wachawi wote wa mnarani wauawe, watu ambao hawakuhusika na mlipuko ule. Ameweza kwa sababu wote wako mahali pamoja, nyuma ya lango ambalo ufunguo wake anao yeye.

Nchini Rivain kulikuwa na mnara mdogo, Dairsmuid, ambao uliendeshwa kwa namna nyingine. Wachawi wake walichanganyika na jamaa zao, na mabinti walifunzwa na bibi waaguzi kwa mila za kwao. Hapo mama hakuwa na sababu ya kumficha mtoto, na aliyekuwa akielekea kubaya angeonwa mapema na watu wanaomjua tangu alipozaliwa. Wakaguzi wa dini walipofika na jeshi, kosa walilolitaja lilikuwa ni hilohilo la kuchanganyika na kufunzana. Wakaupitishia mnara mzima hukumu ya kifo. Mimi ningewapeleka wakaguzi wale Redcliffe kwanza, wakamwulize Isolde angemficha Connor kama mnara wa karibu ungekuwa wa Dairsmuid.