Mwenyi Kufunga Ndiye Mwenyi Kulinda

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya heshima ya wazee. Leo nataka kuleta neno linaloonekana dogo: neno la kuku, sungura na dende wanaokaa katika parseli zetu, na la nyama za pori zinazokuja kuwakamata. Mutu anaweza kucheka na kusema: hiyo nayo ni filozofia? Ndiyo, ni filozofia. Kila mara kipanga anaposhuka na kupanda tena na kifaranga katika kucha zake, tunakata hukumu bila kufikiri. Tunapiga kelele: «Mwizi!» Basi nauliza: ni mwizi kweli? Na kama si yeye mwizi, nani atajibu juu ya ile damu?

Wengi wetu tulisikia hadithi ya kuku na kipanga tukiwa wadogo, kando ya moto. Inasimuliwa katika makabila mengi ya Afrika, kila moja na namna yake. Miye niliisikia hivi: kuku na kipanga walikuwa marafiki. Kuku akaazima sindano ya kipanga ili ashone nguo, halafu akaipoteza. Kipanga akamwambia: «Itafute. Mupaka siku utakayonirudishia, nitakuwa nachukua watoto wako.» Ndiyo maana kuku anachimbachimba chini tangu asubuhi mupaka jioni, na kipanga anazunguka juu.

Tulipokuwa watoto tulimuonea kuku huruma na tulimuchukia kipanga. Lakini tuangalie vizuri hadithi inasema nini. Haisemi kwamba kipanga ni mubaya. Inasema kuna deni. Wazee walijua kwamba kila mufugaji anamuchukia kipanga, na bado hawakumunyima sababu yake. Hilo ndilo neno la kwanza la kushika.

Neno la pili ni namna walivyoishi. Katika vijiji vyetu, kipanga alipoonekana, vifaranga vilifunikwa chini ya kitunga. Mutoto mumoja aliwekwa nje na mawe madogo ya kutupa, na kazi yake ile siku ilikuwa kuangalia juu. Jioni kuku waliingia nyumbani, walilala pamoja na watu. Dende walikaa ndani ya jikoni, karibu na mafiga, wakila majani ya viazi. Wazee hawakuwa na waya wala simenti. Walikuwa na macho, na walikuwa na desturi kwamba mulango unafungwa kabla giza haijaingia. Kama kuku aliliwa, watu hawakuanza kumutukana yule aliyekula. Walimuuliza mutoto: «Ulikuwa wapi?» Hata chui, aliyeogopwa kuliko wote, hakuwa takataka. Kwa Bashi ngozi yake ni ya mwami, na kwa Balega meno yake yanavaliwa na wakubwa wa bwami. Walipigana naye, lakini hawakumuzarau.

Sasa tuje katika muji. Huku Bukavu, tangu vita vya 1996 na vya 1998, watu wengi walitoka vijijini, na vilima vimejaa nyumba mupaka ndani ya mabonde. Ng'ombe na mbuzi wengi waliporwa. Ndiyo maana familia nyingi zilishika dende: anakula majani tu, anafichika chini ya kitanda, anabeba mimba karibu miezi miwili, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Lakini tusisahau ametoka wapi. Wazazi wake ni wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na watu wamemufuga kwa maelfu ya miaka. Hana kucha za kupigana na hajui kupanda muti. Uzima wake wote uko katika mikono ya yule anayemufunga.

Na nyama za pori hazikuhama zote. Katika vichaka vya mabonde yetu bado kuna nguchiro, kuna nyoka, kuna kanu, ile yenyi madoadoa na mukia mrefu wa mapete, ambayo watu wanaiita paka ya pori. Kipanga naye anapenda muji kuliko pori, kwani takataka za soko ni meza yake. Kwa hiyo tusiseme wametufuata. Wengine tumewakuta pale, wengine tumewaita wenyewe.

Nitasimulia yaliyonipata, ingawa hayanipi sifa. Mwaka 2017 binti yangu alikuwa na dende tisa. Wawili wa kwanza alipewa na bibi yake kijijini, wengine walizaliwa kwetu. Walikuwa wa kumusaidia kununua madaftari, lakini mutoto ni mutoto: kila mumoja alimupa jina, na mumoja mweupe alikuwa analala katika mapaja yake wakati wa kusoma. Miye nilichoka na harufu jikoni. Nikatengeneza sanduku la mbao, nikaliweka nje, nyuma ya nyumba. Kisha mutoto akaniambia: «Papa, ile ubao ya nyuma imeachana.» Nikasema: nitapiga musumari siku ya posho. Akaniambia tena. Nikasema: posho. Mara ya tatu hakusema, alitia jiwe yeye mwenyewe.

Asubuhi moja tulikuta jiwe limesukumwa na dende wote tisa wamekufa. Mumoja tu aliliwa. Wanane walikuwa wamelala pale pale, wameumwa shingoni.

Ile hesabu ya wanane ndiyo ilinipandisha hasira. Nilisema: hii nyama haikuwa na njaa, iliua kwa ubaya. Nikaenda kununua sumu sokoni, nikaitia katika mwili wa dende mumoja, nikauweka kando ya rugo. Binti yangu aliniangalia tu. Kwa siku mbili nilijiona mwanaume.

Siku ya tatu paka ya jirani alionekana amekufa katika mufereji. Kisha kipanga chini ya muavoka. Kisha imbwa ya muzee mumoja wa avenyu yetu, mujane, ambaye hakuwa na mwingine wa kuongea naye jioni. Paka ya pori hatukuiona, si mzima, si mufu. Muzee alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Aliuliza: «Mutoto wangu, njo nyama gani ulikuwa unatafuta?» Nikamueleza habari ya dende. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaona lile sanduku, akashika ile ubao na kuitikisa. «Na hii, njo paka ya pori iliiacha hivi?» Sikuwa na jibu. Nilimulipa bei ya imbwa ndogo, alipokea. Lakini mupaka leo hajakunywa tena chai kwangu.

Tangu ile siku nimefikiri sana juu ya wale wanane. Watu wanaojua maisha ya nyama wanaeleza hivi: mwenyi kuwinda anasukumwa na kitu kinachotikisika na kukimbia mbele yake. Porini, akikamata mumoja, wengine wanatawanyika, na kazi imekwisha. Katika sanduku hawana pa kutawanyika. Wanarukaruka mbele ya macho yake, na kila mumoja anayeruka anamuita aume tena. Basi nani aliua wale wanane? Meno yalikuwa ya paka ya pori. Lakini ile kuta iliyowazuia kukimbia nilipigilia miye, na tundu nililiacha miye. Porini Mungu alimupa kila kiumbe njia ya kukimbia, hata kama ni ndogo. Siye tunapomufunga kiumbe, tunaondoa ile njia. Tukiiondoa, ni lazima tuweke kitu kingine pahali pake, na kile kitu ni ulinzi wetu. Hapo ndipo deni linaanza. Mutu hawezi kuchukua mayai, nyama na furaha ya watoto wake, halafu muzigo wa kulinda aseme ni wa pori.

Najua kuna watakaokataa. Wa kwanza atasema: wewe unatetea nyama za pori wakati watoto wanakosa mboga. Hapana. Kumufukuza kipanga kwa mawe si zambi, wazee walifanya hivyo. Na kama chui au nyoka anaingia pahali watoto wanalala, hakuna wa kuuliza ruhusa ya kumupiga. Mutu ana haki ya kulinda chake. Ninachosema ni kwamba kulinda na kulipiza si neno moja. Kulinda kunafanyika jana, kabla ya damu. Kulipiza kunafanyika leo, na hakumurudishi mutu kitu.

Wa pili atasema: sumu ni dawa ya masikini, waya ni bei kali. Hili ni neno la kweli kwa upande wa mufuko. Lakini sumu haina macho. Haichagui kati ya mwenyi kosa na asiye na kosa, na haijui mupaka wa parseli. Aliyetia sumu amechukua deni lake na kulitupa katika nyumba za wengine: kwa paka, kwa imbwa, na siku ingine kwa mutoto anayeokota. Tena haikuniletea amani. Paka alipokufa, panya walifurahi, na gunia la maharagi la jirani liliona mateso. Hata paka ya pori na kipanga ni wala-panya. Nilikuwa nimetangaza vita juu ya walinzi wangu mwenyewe.

Wa tatu atasema: dende ni dende, si mutu, mbona maneno mengi? Kwa huyu namujibu na binti yangu. Hakunilaumu juu ya paka ya pori hata siku moja. Miezi mingi nyuma, nilipomuuliza kama anataka tuanze tena kufuga, alijibu: «Papa, tutengeneze kwanza nyumba yabo. Halafu njo tutabaleta.» Mutoto alikuwa ameelewa mupangilio ambao miye niliugeuza. Anayejifunza kwamba kiumbe kidogo kinaweza kuachwa na tundu mupaka posho, kesho atamuacha hivyo mugonjwa, au muzee.

Basi tufanye nini? Mambo si magumu. Kuku na dende waingie kabla jua halijazama, na mutu mumoja wa nyumba ajulikane kwamba mulango ni kazi yake. Sanduku liinuliwe juu ya miguu, lisikae chini. Tundu lolote ambalo vidole viwili vinapita lizibwe, hata na kipande cha bati la kopo. Kitunga cha wazee kirudi juu ya vifaranga, hakiombi pesa. Takataka za chakula zisitupwe kando ya rugo, kwani ni mwaliko. Na majirani waambiane: «Usiku kitu kilipita kwangu, fungeni vizuri.» Hilo peke yake linaokoa wengi.

Leo tunafuga tena, dende sita. Usiku kabla ya kulala ninazunguka na toroshi, nashika kila ubao. Mara moja nimeona macho mawili yaking'aa katika kichaka cha bonde. Tuliangaliana. Alikuwa na haki ya kuwa pale. Nikarudi nyuma, nikatikisa mulango wa sanduku mara ya pili, ulikuwa umefungwa.