Nambari Si Hukumu

Wanangu mafundi, sisi tulilelewa kutega sikio kwenye injini. Nyinyi mmejaliwa mashine ya kupimia. Mnaichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, gari linajieleza. Ni neema. Ila nawaonya: nambari inayotokea kwenye kioo ni malalamiko, si hukumu. Anayesikia malalamiko akakimbilia dukani kununua kifaa hajatengeneza gari, anambahatishia mteja kwa pesa za mteja mwenyewe.

Kwanza jifunzeni kuisoma. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi, U ni mawasiliano ya kompyuta za gari. Herufi ikifuatiwa na 0, maana ni moja kwa magari ya kampuni zote; ikifuatiwa na 1, kampuni iliyolitengeneza gari ndiyo iliyoipa maana, basi msiitafsiri kwa kitabu cha gari jingine.

Chukueni P0171. Inasema injini inachoma hewa nyingi mno kwa mafuta inayopata, na kompyuta imeongeza mafuta hadi kikomo bila kufanikiwa. Aliyepeleka habari ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Kijana mwenye pupa anaing'oa, anafunga mpya, na baada ya siku chache taa ya injini imerudi. Maskini sensa ilikuwa inasema kweli! Chanzo huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyoshika uchafu, filta ya mafuta iliyoziba au pampu iliyochoka.

Mtajuaje ni kipi? Ipo asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, na mashine yenu inaionyesha. Gari zima halivuki sana 10 juu au chini. Ikiwa asilimia ni kubwa injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikashuka mkifika mizunguko 2,500, tafuteni hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa. Ikizidi kupanda kila injini inapobebeshwa mzigo, pimeni presha ya mafuta, na sensa ya hewa isafisheni kwa dawa yake. Msiiguse kwa kitambaa.

Vivyo hivyo P0301. Inasema silinda ya 1 inamisi. Haikutaja plagi wala koili. Kama kila silinda ina koili yake, hamisheni ya 1 muiweke kwenye 2, mfute nambari, muwashe tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamieni kwenye plagi, nozeli, mwisho kompresheni. Jaribio hilo halimgharimu mteja hata kifaa kimoja.

Taa ikiwaka bila kukatika, kwa kawaida mteja ana muda wa kufika gereji. Ikiwa inawaka na kuzima, mwambieni apunguze mwendo na asimame mahali salama, maana mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye masega yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi na kuyachoma. Na P0420, inayolalamikia kazi ya masega hayo, isiwe kisingizio cha kuyatoa masega ya watu. Hakikisheni kwanza ekzosi haivuji, injini haimisi, wala haili oili.

Kufuta nambari kabla ya kuiandika ni kosa kubwa. Inapotea pamoja na kumbukumbu ya joto, mwendo na mizunguko ya wakati hitilafu ilipotokea, na humo ndimo mlimo njia ya kuanzia. Wako pia wanaoifuta ili gari liuzwe taa ikiwa imezima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mnunuzi atarudi, na hatarudi kwa salamu.

Kabla hujamwambia mteja anunue kitu, jiulize umepima nini. Kama jibu lako ni "mashine imesema", mwache na pesa zake mfukoni, urudi kwenye boneti.